Barua ya Mwinyi Kombo kwa Dakta Lathom

Hakuna maandishi ya Kiarabu yaliyowahi kunishinda mimi, Matar. Ya msahafuni, ya kwenye hirizi, ya juu ya makaburi, hata yale yanayoandikwa na mgonjwa anayetetemeka, nipe nikusomee huku nakunywa chai.

Maneno hayo nilimwambia Miss Lathom siku ya Jumamosi, mwezi wa tano, mwaka 1973, nyumbani kwake Lewisham, nimekaa kwenye kiti cha mahameli na miguu nimekunja nne kama balozi. Shangazi yangu Suad alikuwa amesimama nyuma yangu na sinia la chai. Nilimsikia akishusha pumzi kwa fahari. Yeye ndiye aliyenipeleka pale. Alikuwa akimtunza yule bibi mwaka wa tatu huo: kumkogesha, kumpikia, kumpandisha na kumshusha ngazi, mpaka magoti yake mwenyewe yakaanza kulia kama milango ya zamani. Kutwa anafunga bendeji, kutwa anasema, "Baridi ya Wazungu imeingia kwenye mifupa."

Miss Lathom alikuwa na miaka themanini, hana mume, hana mtoto. Alichokuwa nacho ni babu. Dakta Josiah Lathom alikwenda Unguja zamani za masultani kutafuta majani na maua, akayakausha, akayabandika kwenye karatasi, akayapa majina marefu. Na alikuwa mtu wa barua. Bibi amezipanga mezani mafungu mawili. Fungu moja ni barua alizomwandikia mkewe: nimekukumbuka, mbu wamenimaliza, mbusu mtoto. Fungu la pili ni barua alizowaandikia wataalamu wenzake: jani lina meno mangapi, ua lina nyuzi ngapi, nani mwongo na nani mwizi wa majina. Miss Lathom alikuwa akizitengeneza ziwe kitabu, na kitabu kilikuwa kimebakiza sura moja tu.

"Huu," alisema, akanionesha kwa kidole kilichopinda kama tangawizi.

Nje, ndani ya kibanda cha vioo, palikuwa na mti mfupi, maua yake meupe yenye kitovu chekundu. Babu yake ndiye aliyeleta mbegu. Nyumba ile imeutunza miaka mia bila ya mtu kujua unafaa nini. Mwaka 1874 Dakta alimwandikia rafiki yake kwamba Mwinyi Kombo, mtu aliyekuwa akimtafutia miti huko Unguja, amemletea barua ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na ndani yake, bila shaka, mna habari yote ya matumizi ya mti ule aliyomwagiza amuulizie. Ila London yote hana wa kumsomea. Akafa hajasomewa.

"Mimi pia nimekaribia," alisema Miss Lathom, na akacheka. "Nisomee, Matar. Nataka kujua tu ni dawa ya nini."

Akaniwekea barua mapajani.

Sasa nikwambie. Mimi nimesoma chuoni kwa Mwalimu Bakari, Malindi ya Unguja, na nimehitimu mara mbili. Lakini msahafu una irabu zake juu na chini, kila herufi imevishwa nguo kamili. Barua ile ilikuwa uchi. Haina irabu hata moja, nukta zimerushwa rushwa kama pilipili manga juu ya mchuzi, mistari inapanda ukingoni inageuka inashuka tena. Nilikodoa macho. Nikaona alifu. Nikaona lamu. Baada ya hapo sikuona mtu ninayemjua.

Hapo mtu mwenye akili angesema, "Bibi, hii imenishinda." Lakini nyuma yangu yumo Shangazi na sinia lake, na dakika mbili zilizopita nimetoka kujisifu mpaka kwenye makaburi.

Bahati yangu, au balaa yangu, barua zote za wazee wetu zina mlango mmoja. Kila aliyekulia kwetu anaujua kwa moyo. Nikakohoa, nikaanza kwa sauti ya imamu: "Ila jenabi l-muhibbi l-azizi, Daktari Lathom, sallamahu llahu taala. Wa baada ya salamu nakuarifu kuwa sisi huku wazima wa afya, wala hatuna la kusikitisha ila kutoonana nawe…"

"Amin," akasema Shangazi.

Miss Lathom hakujua hata neno, lakini macho yalimjaa machozi. Kalamu ikawa tayari juu ya daftari.

Nikafika mwisho wa salamu. Mlango umefunguka, na ndani ya nyumba kiza kitupu. Nikatazama huku na huku kutafuta neno, nikaona bendeji ya Shangazi.

"Mti huu," nikasema kwa Kiingereza, kidole changu kikitembea juu ya mistari kama kinajua kinakokwenda, "ni dawa ya magoti."

"Magoti!" akasema Miss Lathom.

"Na vidole," nikaongeza, kwa heshima ya mwenye nyumba. "Huchimbwa mizizi, ikachemshwa na tangawizi mpaka maji yawe rangi ya chai. Nusu kikombe asubuhi, nusu kikombe jioni. Mama mkwe wake Mwinyi Kombo alikuwa hajainuka kitandani miezi sita. Alipokunywa siku ya tatu aliruka ukuta akaenda harusini bila ya kualikwa."

Walicheka wote wawili mpaka vikombe vikagongana. Miss Lathom aliandika kila neno, hata huo ukuta. Nami kwa kunogewa nikamwomba niazime barua siku chache, eti nikaipige msasa tafsiri. Akaitia kwenye bahasha, akanipa kwa mikono miwili.

Njiani kuelekea kituoni Shangazi alinishika mkono, jambo ambalo hakulifanya tangu tuhame Unguja.

"Baba yako angekuwepo akakusikia leo," alisema.

Nikamtania kwamba baba angeomba chai. Lakini nilijisikia mkubwa, wallahi.

Basi, Alhamisi asubuhi, zamu yangu ya ghalani ikiwa ya jioni, nikaenda Tooting kuvimba. Huko kuna mzee wetu, Msabaha, aliyekuwa karani wa kadhi Wete kabla ya mapinduzi. Sasa anakata na kupinda suruali za watu kwenye duka la vitambaa la Bwana Jitendra. Anakaa dirishani na cherehani yake, pini mdomoni, miwani kwenye ncha ya pua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umefukuzwa kazi?"

"Sijafukuzwa. Nimekuletea kitu ukione, ujue vijana wa leo si wa kuchezea. Barua ya miaka mia, hii. Nimemsomea Mzungu mpaka kalia."

"Kalia kwa utamu au kwa Kiingereza chako?"

Bwana Jitendra akacheka kutoka nyuma ya majora ya hariri. Mzee Msabaha akaifungua bahasha, akaifuta miwani kwa pembe ya suruali ya mtu, akaanza kusoma kimya. Mimi nikawa nasimulia huku yeye anasoma: magoti, tangawizi, mama mkwe, ukuta. Niliruka hata mimi kidogo kuonesha. Nilingoja kicheko.

Mzee alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake. Zilikuwa sita. Hakucheka hata kwa moja.

"Tangawizi umeisoma mstari wa ngapi?" aliuliza.

"Huko huko katikati."

"Nioneshe."

"Mzee, nawe! Nimeshasahau mstari."

"Kaa chini, Matar."

Nikakaa juu ya mzigo wa vitambaa. Akasoma kwa sauti, polepole, kama alivyokuwa akisoma hukumu Wete:

"'Na ule mti wenye ua jeupe na kitovu chekundu, ulionitaka nikuulizie habari zake, nimeuliza wazee wa mashamba. Mizizi yake hainywewi. Wao huisaga wakatia kwenye muhogo, wakaulia nguruwe wa mwitu. Na mtumishi wako Feruzi, uliyemwacha na homa, aliona wewe umeuhifadhi mti huu kwenye karatasi nzuri, ukaufungia sandukuni, akasema kitu akitunzacho daktari namna hii hakikosi kuwa dawa. Alichemsha mizizi kwa akili yake, akanywa asubuhi. Alasiri tukamzika. Daktari, nakuomba kwa Mungu wako na wangu, liandike hili katika kitabu chako, ajue kila atakayesoma.'"

Cherehani ya Bwana Jitendra mwenyewe, kule nyuma, ilikuwa ikikereza. Ikasimama.

Nilitaka kusema neno la kuchekesha, nina desturi hiyo, hata mazikoni linanitoka. Halikuja. Nilimwona Feruzi, mtu nisiyemjua sura, anapuliza kikombe kipoe.

"Bibi huyo," alisema Mzee, "huo mti anao?"

"Anao. Kwenye kibanda."

"Na amenywa?"

"Hajanywa. Alisema… alisema atamwita mtu wa bustani wiki hii achimbe."

"Leo ni siku gani?"

Nilikuwa nimeshaifikia simu ya duka. "Bwana Jitendra, naomba…" "Piga, piga wewe!" Kidole kilinikwama kwenye tundu la namba mara mbili. Ililia, ililia, ikapokewa.

"Oh, Matar!" Sauti ya Miss Lathom ilikuwa changamfu kama ya msichana. "Nilitaka kukupigia. Tumeanza!"

"Usinywe!"

"Mimi bado. Suad hakuniruhusu. Alisema si adabu mwenye nyumba kutangulizwa kwenye dawa ya kwao, lazima aonje yeye kwanza. Amekunywa saa mbili asubuhi. Nilimwambia nusu kikombe, akanywa kizima, anasema magoti yake ni mawili." Akacheka, kisha sauti ikashuka. "Ila sasa amelala kwenye kochi. Anasema dirisha limekuwa la manjano. Matar, ni kawaida hiyo? Barua inasema lolote juu ya manjano?"

Saa ya ukutani kwa Bwana Jitendra ilikuwa inakaribia saa nne.

Sijui nilimwambiaje. Najua nilisema gari la wagonjwa, nikasema sumu, nikasema sasa hivi. Simu niliiacha inaning'inia. Nikatoka dukani kama mwizi, na nyuma yangu nikamsikia Mzee Msabaha: "Matar! Matar, ngoja! Huku nyuma ya karatasi bado kuna maneno!"

Sikungoja.

Mtu akitaka kutoka Tooting kwenda Lewisham kwa haraka atajua kwamba mji huu haukujengwa kwa ajili yake. Treni ya chini, halafu ya juu, halafu basi, na kila penye foleni nimekuwa wa mwisho. Watu walinitazama, nadhani nilikuwa nasema peke yangu. Nilichokuwa nikisema ni hiki: kwa nini? Shangazi Suad hali hata kidonge cha kichwa bila ya kukigeuza mara tatu. Dawa za Wazungu anazinusa kama paka. Daktari wa magoti alimpa chupa ya maji meupe, mpaka leo iko dirishani haijafunguliwa. Sasa imekuwaje akanywa kikombe kizima cha mti asioujua?

Lilinijia kwenye basi, na lilipokuja nilikaa chini kwenye ngazi, kondakta akanigombeza.

Kombe. Nilipokuwa mdogo, nikiumwa, Shangazi alikuwa akinipeleka kwa Mwalimu Bakari. Mwalimu anaandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, anaiosha kwa maji ya marashi, mimi nayanywa yale maandishi. Shangazi anashikilia sahani, anahakikisha sikubakisha tone. Kwake yeye, herufi zile haziandiki uongo. Maneno yangeandikwa kwa Kiingereza angeyatilia shaka. Aliniona ninasoma kutoka kulia kwenda kushoto, akasema amin.

Hakunywa mizizi ya Dakta Lathom. Alikunywa kile alichoamini nimekisoma.

Nilipofika hospitali ya Lewisham, ambako jirani wa Miss Lathom aliniambia ndiko walikopelekwa, jasho linanitoka mpaka kwenye viatu, nilimkuta Miss Lathom kwenye ukumbi wa wodi, kwenye kiti cha magurudumu, kanzu ya ndani chini na koti la mvua juu. Mapajani ameshika daftari lake, na juu ya daftari kitambaa cha mkono kimefungwa vipande vya mzizi. Alikuwa mweupe kuliko kitambaa.

"Nimeandika sawasawa, Matar," alisema. "Tazama. Nimeandika kila ulichosema." Na akanifungulia. Nusu kikombe asubuhi, nusu kikombe jioni. Ukuta nao ulikuwepo, kwa mwandiko mzuri uliolala upande mmoja.

Akatoka nesi, mwanamke wa Kihindi wa makamo, nywele amezibana chini ya kofia. Alinitazama usoni mara moja tu, akasema kwa Kiswahili cha Mkunazini, Unguja, kisicho na vumbi:

"Wewe ndiye mtoto wa ndugu yake Suad? Mimi Nurjehan. Njoo huku."

Nilikaribia kumkumbatia. "Shangazi yu hai?"

"Yu hai. Tumemtapisha. Moyo unakwenda unasita, unakwenda unasita, lakini unakwenda." Alichukua ubao wenye karatasi na kalamu. "Sasa nisikilize. Daktari lazima aandike jambo hili, na mimi lazima nijaze hapa. Bibi wa watu anasema ameshauriwa kunywa hiyo mizizi kutokana na barua ya zamani, iliyotafsiriwa. Nani aliyeitafsiri?"

Kalamu ilikuwa inangoja juu ya karatasi.

Mara moja niliona mengi. Niliona polisi. Niliona kile chumba cha ofisi ya wageni tunakokwenda kugonga mihuri, na yule bwana mwenye masharubu anayependa kusema "Bwana Matar, kwa mara nyingine." Niliona Shangazi amefukuzwa kazi kwa ajili yangu, kama atapona. Niliona Miss Lathom anageuza kurasa, anatafuta pale alipokosea yeye. Zaidi ya yote niliona uso wa Shangazi siku atakapojua nimemsomea nini. Na ulimi wangu, ule ule wa Jumamosi, ukafunguka wenyewe.

"Si mimi," nikasema. "Mimi nilikuwa mtu wa kupeleka tu. Barua ilisomwa na mzee mmoja, karani wa zamani, anakaa Tooting. Yeye ndiye aliyeniambia ya tangawizi. Amezeeka, maskini, macho yake hayaoni vizuri. Mimi nilimwamini. Mtoto angefanyaje?"

"Jina lake?"

"Msabaha."

"Msabaha nani?"

"Msabaha bin Ali. Wa Wete."

Nurjehan aliandika Msabaha. Halafu akaacha. Hakunitazama mimi, alitazama pazia la kitanda cha kwanza, hatua mbili nyuma ya bega langu. Nikageuka.

Pazia lilikuwa limevutwa nusu. Bwana Jitendra alikuwa amesimama huko na funguo za gari lake la kubebea vitambaa mkononi. Kumbe waliishika ile simu niliyoiacha, wakaulizia hospitali; wala sikujua kwamba gari lile bovu linaweza kunishinda mimi na treni mbili na basi. Kando ya kitanda, kwenye kiti, alikaa Mzee Msabaha, miwani kwenye ncha ya pua, uzi mweusi bado umeganda kwenye mkono wa shati. Barua ilikuwa imefunuliwa magotini, upande wa nyuma umetazama juu. Daktari kijana wa Kizungu alikuwa ameinama kando yake akiandika haraka haraka.

Kwenye mto, uso wa Shangazi Suad ulikuwa rangi ya majivu, lakini macho yalikuwa wazi.

"Huku nyuma," Mzee Msabaha alikuwa akimwambia daktari kwa Kiingereza chake cha mahakamani, bila ya kuinua kichwa, "anaandika kwamba mke wa Feruzi naye alionja. Wakamtapisha, wakamlaza chali, wakamkataza kuinuka siku tatu hata kwa kuswali. Huyo alipona. Asiinuke, bwana daktari. Hilo ndilo analolisisitiza."

Daktari akaitikia kwa kichwa, akaenda. Ndipo Mzee akaivua miwani, akaikunja, akanigeukia. Sauti yake haikuwa kali. Afadhali ingekuwa kali.

"Niandike, binti yangu," alimwambia Nurjehan. "Jina ni hilo, na Wete ni huko huko, hakukosea. Lakini kabla hujafunga kalamu, muulize huyu kijana barua hii ameniletea siku gani, na saa ngapi. Kisha muulize bibi yule kwenye kiti, daftari lake limeandikwa lini."

Miss Lathom, ambaye hakuelewa hata neno moja ila kidole cha Mzee kilichoelekea daftari lake, alinitazama mimi, akamtazama Mzee, akatazama tarehe aliyoiandika kwa wino juu ya ukurasa.

Nilifungua mdomo.

"Matar," alisema Shangazi kutoka kitandani, kwa sauti ndogo iliyokwaruza, "mjibu mzee."